Lori la Mzee Nizar lililogoma kupata moto Toronto

Wakuu, nawasalimu nyote, mlioko nyumbani na tulioko ughaibuni.

Mimi humu ni msomaji kuliko mwandishi. Leo nimeshika simu kwa sababu juzi kuna mdau aliuliza kama inawezekana kufunga injini ya kisasa ya dizeli kwenye lori la zamani, mkamjibu kwa kejeli tupu mpaka akauacha uzi wake.

Inawezekana. Nimeifanya kwa mikono yangu. Ila kilichonigusa kwenye kazi ile siyo injini, ndiyo maana naandika kirefu. Chumvi sitaongeza, mambo yenyewe yanatosha.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi dizeli, mzaliwa wa Singida. Ufundi niliupatia gereji za Dodoma, nikaingia Canada mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Naishi Weston, magharibi mwa Toronto, kwenye yale maghorofa ya zamani kando ya mto. Natengeneza mabasi ya shule. Wale mnaodhani huku tunaokota dola barabarani, njooni mlale chini ya basi mwezi wa kwanza halafu tuongee vizuri.

Mzee Nizar nilikutana naye duka la vipuri, mwaka 2012. Nilikuwa naongea na simu kwa Kiswahili, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Bwana, wewe mtu wa wapi? Hicho Kiswahili chako cha bara kabisa."

Nageuka, naona mzee wa Kihindi, koti kubwa, miwani mizito. Kumbe ni mzaliwa wa Tabora, Mwismailia, aliondoka Tanzania miaka ya sabini na mkewe Mama Shirin. Wanaishi Unionville, upande wa pili wa jiji. Kabla hatujafika kaunta alishaanza kunieleza habari ya lori.

Baba yake alikuwa na lori pale Tabora, la kubeba asali na tumbaku mpaka stesheni. Nizar alikua ndani ya lile lori. Alishika taa fundi akiwa chini, alikaza nati, alipakia na kushusha. Lakini usukani hakupewa hata siku moja. Kaka zake wakubwa ndio walioendesha, yeye akaambiwa asubiri zamu yake. Zamu haijafika, lori likauzwa.

Sasa huku Canada, baada ya kustaafu kazi ya ufundi, akapita kwa mkulima mmoja kaskazini mwa Markham. Akaona lori la miaka ya arobaini, la aina ileile, majani yameota mpaka ndani ya kebini. Akalichukua.

Tatizo ni muda. Mzee alikuwa anakaribia miaka themanini na alikuwa na presha ya macho. Leseni yake ilikuwa iishe mwezi wa tatu mwaka unaofuata, na huku ukifika umri huo lazima upimwe macho upya. Daktari alishamdokeza asitegemee sana.

"Fundi," akaniambia, "nataka niliendeshe mwenyewe. Mara moja tu. Nyumbani mpaka jamatkhana na kurudi. Baada ya hapo wakinyang'anya funguo sitasema neno."

Jamatkhana ndiyo nyumba ya ibada ya Waismailia. Nikakubali. Mambo ya malipo tuyaache, siyo yaliyonipeleka.

Kazi tulianza theluji ilipoisha. Kila Jumamosi navuka jiji zima kwenda Unionville. Injini ya asili ilikuwa ya petroli na imeganda jiwe. Nikamuuliza kama tuitafutie vipuri tuifufue, akasema hana muda wa kuzunguka akitafuta vipuri vya marehemu. Alitaka dizeli ya kisasa, inayowaka asubuhi bila kubembelezwa.

Tukapata injini ya silinda nne, ina turbo, kwenye gari la kusambaza mikate lililogongwa nyuma. Nikaing'oa pamoja na kompyuta yake na waya zote. Mafundi wenzangu mtanielewa: chuma ni rahisi, waya ndiyo kazi. Chesisi nilikata na kuchomelea maunti mpya za kushikilia injini, propela shafti ikafupishwa, hayo ni ya kawaida. Lakini kuishawishi kompyuta ya juzi ikubali kukaa kwenye gari la zamani namna ile, hapo ndipo niliota mvi.

Giaboksi ya lile gari la mikate ilikuwa automatic. Mzee akaikataa hata kuitazama.

"Lori lisilo na klachi ni friji," akasema.

Tukatafuta ya manual.

Niwaambie kitu kuhusu Mzee Nizar. Hakuwa mtu wa kukaa kwenye kiti akaangalia. Macho hayaoni vizuri, lakini ukimpa boliti anaijua kwa vidole. Tulikuwa tunafanya kazi kama watu waliofundishwa na fundi mmoja. Mama Shirin yeye lori hakulipenda. Aliliita "jini lako". Analeta chai na kachori, anaweka, anaondoka bila kuligusa.

Mwezi wa nane injini ikawaka. Mzee aliweka kiganja kwenye boneti, hakukitoa mpaka nilipozima. Nilidhani kazi kubwa imekwisha, imebaki breki, bodi na taa.

Kumbe ndiyo kwanza tunaanza.

Baridi ilipoingia, lori likawa halipati moto. Linawaka, linanguruma vizuri, lakini mshale wa joto umelala chini kabisa. Moshi mweupe. Taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Na hita inapuliza hewa ya barafu.

Kwa mliopo nyumbani hili linaweza kuonekana dogo. Huku bila hewa ya moto, kioo cha mbele kinaganda kwa ndani, huoni hata boneti yako. Na bila hewa ya moto kwenye kioo, gari halipati cheti cha usalama. Bila cheti hakuna namba. Bila namba Mzee Nizar haendeshi, na mwezi wa tatu unakuja mbio.

Nikabadilisha sensa ya joto. Wapi. Nikabadilisha tena nikidhani nimeuziwa mbovu. Nikafuatilia waya moja moja. Nikatoa hewa kwenye mfumo wa maji. Nikaziba rejeta na kadibodi kama madereva wa malori wanavyofanya huku. Mshale ukanyanyuka kidogo, ukalala tena.

Mtaniuliza, "Mkuu, thermostat uliangalia?"

Kwa wasiojua, thermostat ni kidude cha chuma, ni kama mlango mdogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi unafungwa ili maji yapate moto haraka. Ikipata moto unafunguka, maji yanaenda kupoa kwenye rejeta. Sikuiangalia kwa sababu niliifunga mwenyewe mwezi wa nane, mpya. Mtu hakagui kitu alichokifunga kwa mkono wake, anaanza kushuku vya wengine. Nikaishuku kompyuta.

Mzee naye akawa anaishuku kompyuta kuliko mimi. Kila nikilalamika kwamba joto halipandi, anasema, "Lakini injini baridi si ndiyo salama?" Nikawa nacheka, nikiona anatania.

Wiki zikaenda. Krismasi ikapita. Mwezi wa pili Mzee akaitwa kupimwa macho, siku ya Jumamosi. Nikabaki peke yangu gereji, nikaamua kubadilisha hosi ya juu ya maji iliyokuwa inavujisha. Nikafungua kifuniko inapoungana na injini, mle inamokaa thermostat.

Ndani hamna kitu. Thermostat haimo.

Nikakaa chini, wakuu. Gesketi ya kuzuia maji yasivuje ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi la nafaka za chai ya asubuhi, safi kabisa, na siyo kazi yangu. Nilijua mara moja ni nani.

Kwa sababu nyumbani ndivyo tunavyofanya, au nadanganya? Lori likipandisha mlima Sekenke na mzigo, jua la saa saba, fundi hataki kusikia habari ya mlango wa maji. Anaitoa thermostat anaitupa, maji yazunguke. Hata gari jipya likishushwa kwenye treni, kabla ya safari ya kwanza inatolewa. Hata mimi nimezitoa nyingi sana Dodoma. Siyo ujinga, kule inasaidia watu wafike. Ila tulikuwa Unionville, nje theluji imefika magotini.

Mara nikasikia gari. Mama Shirin akaingia gereji kwanza, peke yake.

"Wamekataa," akasema. "Leseni basi. Usimuulize kitu."

Nikamwonyesha nilichokiona. Ameishi na fundi miaka mingi, hakuhitaji maelezo mengi. Akaangalia lile tundu, akaniangalia mimi.

"Basi usimwambie. Leo wamemwambia macho hayafai. Wewe usije ukamwambia na mikono haifai."

Wakuu, niweke wazi, nilitaka kumtii. Uongo nilikuwa nao tayari, ningesema waya umekatika nyuma ya dashibodi. Nani angejua?

Mzee akaingia taratibu, ameshika ukuta. Hakusema habari ya macho. Akasema, "Fundi, umepata?"

"Nimepata, Mzee."

"Kompyuta?"

Mama Shirin alikuwa nyuma yake amenikazia macho. Lakini yule mzee aliniuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake. Miezi yote tumeulizana hivyo. Nikaona nikimdanganya, kuanzia siku ile ninamfanya mgonjwa wangu.

"Hapana. Thermostat haimo."

Akavua kofia, akakaa kwenye tairi.

"Niliitoa mimi," akasema. "Mwezi wa tisa. Siku ya joto, wewe upo kazini. Niliwasha, nikaona mshale umepanda mpaka katikati, nikasema hii itachemsha. Nikaitoa. Sikuona hata kama ni jambo la kukwambia."

"Hata mimi ningekuwa kwetu ningeitoa, Mzee."

"Miaka arobaini nipo kwenye theluji," akasema, anaangalia viganja vyake. "Mikono bado ipo Tabora."

Halafu akasema jambo lililonikata maini. "Kumbe muda niliouhesabu nimeula mwenyewe."

Mama Shirin akaanza kunigombeza, na alikuwa na haki. Mzee akainua mkono.

"Shirin, acha. Kule hospitali wameninong'oneza kama mtoto. Huyu amenijibu kama fundi."

Kisha akainuka akaniambia nikalete thermostat nyingine. Akaifunga yeye. Alipapasa ajue upande wenye springi, akaulaza ndani kwenye injini, akakaza boliti zote mbili, mimi nimeshika taa tu. Tukawasha. Mshale ukapanda, ukasimama katikati. Hita ikapuliza moto. Mzee aliweka uso pale hewa inapotokea na akalia waziwazi, na mimi pia nikalia.

Cheti tukapata. Namba zikatoka. Dereva ndiyo hakuna.

Nikamwambia nina rafiki mlinzi wa kiwanja cha kuegesha magari, twende akazunguke humo Jumapili, hakuna atakayemuuliza. Akakataa katakata. "Nilitaka barabara, Fundi. Sitaki kuzungushwa kama mtoto kwenye bembea."

Siku ya kulitoa, theluji imeshayeyuka, mtoto wao Rahim akaja kutoka Mississauga amwendeshe baba yake. Kijana mstaarabu, Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza. Akapanda, akawasha, akaachia klachi. Lori likaruka likazima. Akarudia, likazima tena.

"I've never driven stick, Dad," akasema, yaani hajawahi kuendesha gari la klachi, aibu imemjaa.

Nikawa najifuta mikono nipande mimi. Ndipo Mama Shirin akatoka ndani, ameshavaa koti, ana mto wa kochi mkononi. Akamshusha mtoto wake. Akaweka mto kwenye kiti, akapanda, akavaa miwani.

Mimi mdomo wazi. Mzee akaniambia kwa chini, "Unashangaa nini? Tabora aliendesha pikapu ya duka la baba yao kabla mimi sijagusa usukani wowote."

Akapanda upande wa abiria. Mama akakanyaga klachi, akavuta gia. Gia ngumu, bega lake bovu, haiingii. Akajaribu tena, amekunja uso.

"Nizar," akasema, "unakaa tu? Mkono wako upo hapohapo."

Mti wa gia upo katikati, karibu na abiria kama ulivyo karibu na dereva. Mzee akaushika. Mama akakanyaga, Mzee akaingiza moja, lori likatoka getini bila hata kutikisika.

Tukawasikia mtaani, mimi na Rahim tumesimama pale. "Klachi!" "Tayari!" "Mbili!" Sauti ya injini ikashuka ikapanda. "Klachi!" "Nimekanyaga, usinipigie kelele!" "Tatu!" Mpaka wakakata kona.

Walichelewa kurudi. Walifika jamatkhana, wakapitiliza, wakaenda mpaka mashambani. Mzee alipofungua mlango, nikampa mkono ashuke. Akaniambia, "Fundi, nusu nimeendesha mimi."

Wakuu, mimi nilichojifunza ni kwamba ujuzi tunaotoka nao nyumbani ni mali, lakini kuna siku lazima tuutazame upya pale tulipo, bila kuuonea aibu. Na mtu mzima akikosea, mwambie. Ukimficha kosa lake ili kumlinda, unakuwa umeshamhesabu kwamba hayupo tena kazini.

Mama Shirin mpaka leo anasema ningesubiri angalau kesho yake, siyo siku ileile ya macho. Huwa namfikiria, na kuna siku naona ana hoja.

Ninyi mngefanyaje? Na yule mdau wa injini ya dizeli, kama bado upo, njoo hapa uulize, nitakujibu kila kitu.