Mtaro Nilioufukia

Mgeni akiletwa kuona mradi wetu wa maji, lazima asimame mtu pale kwenye tangi aseme kwamba maji haya yaliletwa na umoja. Mimi huwa nimekaa kwenye benchi la wazee na sipigi makofi. Maji haya yaliletwa na majembe, na majembe mengi yalikuwa ya wanawake. Huo umoja wanaousifu ulitaka kuninyima maji wakati mikono yangu ilikuwa bado na malengelenge. Naandika nilivyoona. Asiyependa aandike yake.

Tulihamia upande huu mkavu, ukipita Kiganjo kama unaenda Nanyuki, miaka michache baada ya Uhuru. Shamba la mzungu mmoja lilikatwa vipande, mume wangu na ndugu yake mdogo wakapata viwili vinavyopakana. Mlima tunauona kila asubuhi na theluji yake, lakini mvua yake hunyeshea wengine. Viazi viliungulia ardhini. Kabichi ilifunga kichwa cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, ikaishia hapo. Maji ya kunywa tuliyabeba mgongoni kwa pipa kutoka mtoni, kamba kwenye paji la uso. Hadi leo nina alama ya ile kamba.

Mume wangu alifariki nikiwa na watoto wanne na mwingine tumboni. Hati ya shamba ilikuwa na jina lake na sikuona ubaya. Nililima, nikapalilia, nikavuna kidogo kilichokuwepo, na hakuna aliyekuja kuniuliza jina.

Yule mzungu alikuwa ameacha kisima cha mashine kule juu kilimani, kile cha kutobolewa chini kabisa hadi kwenye maji ya mwamba, na injini yake imekufa. Watu wakaunda kamati. Injini ikafufuliwa, tangi likajengwa. Ikabaki kuchimba mtaro wa kuteremsha mabomba hadi mashambani, na kila shamba lipewe koki yake, mtu anyweshe kwa zamu. Kamati ikaweka sheria: kila nyumba itachimba kipande chake. Kipande kilipimwa kwa fimbo ya mkaratusi yenye kimo cha mwenyekiti, fimbo kumi kwa nyumba, na kina chake mpaka kiunoni, ili mtu akilima baadaye asikate bomba. Asiyemaliza kipande asitaje maji.

Waliokuja kuchimba walikuwa wanawake. Wanaume wengine walikuwa Nairobi, wengine kambini Nanyuki wakipikia wanajeshi, na waliobaki nyumbani waliumwa na mgongo siku za kuchimba tu. Shemeji yangu, yule ndugu mdogo wa marehemu, alimtuma mke wake. Yeye alikuwa mtu wa kamati. Watu wa kamati walisimama ukingoni wakituonyesha mawe yalipo, kana kwamba jembe halikuwa limeshatuonyesha.

Kipande changu kiliangukia karibu na tangi, penye mwamba. Walisema ni kura. Basi ilikuwa kura ya ajabu, maana iliwapa wajane mwamba na wake wa kamati udongo mwekundu. Kipande kilichokuwa juu ya changu kilikuwa cha jirani yangu, mjane kama mimi. Tulichimba pamoja. Jembe likishindwa tulichukua mtaimbo, na mtaimbo ukishindwa tuliwasha moto juu ya jiwe likawa jekundu, tukalimwagia maji baridi lipasuke. Hayo maji tulikuwa tumeyabeba mgongoni kutoka mtoni. Mtoto wangu wa mwisho alilala ukingoni ndani ya kikapu, vumbi hadi kwenye kope.

Siku moja tukiwa ndani ya mtaro karani wa kamati alikuja na karatasi.

"Tia kidole hapa, mama."

"Ni ya nini?"

"Ni ya maji. Kwani unachimba nini?"

Nikatia kidole. Jirani yangu naye akatia. Sikujua kusoma hata herufi moja. Hapo nilifanya ujinga na simlaumu mtu mwingine. Ningesema sitii mpaka nisomewe. Lakini nilikuwa na jiwe la moto mbele yangu, na karani alikuwa na haraka.

Tulipomaliza mtaro kamati ikaita mkutano. Fundi wa mabomba angekuja na lori kutoka Skuta, Nyeri mjini, siku mbili baadaye, na kazi yake ilikuwa ya siku mbili tu. Mwenyekiti, mzee mwenye kabuti ambalo hakuwahi kulivua hata jua likiwaka, akasoma majina ya watakaopata koki. Nikangoja. Jina la shemeji yangu likasomwa. Majina yakaendelea. Kisha jina la shemeji likasomwa tena. Langu halikusomwa.

Nikasimama. "Mwenyekiti, umeniruka."

"Sijakuruka, mama. Mwenye hati ni marehemu, na marehemu hawezi kuandikwa. Ndugu yake atasimamia hiyo boma. Koki zote mbili ziko kwake."

"Na mimi?"

Shemeji akajibu akiwa ameketi, miguu ameinyoosha. "Kwani nitakunyima maji, mke wa ndugu yangu? Ukitaka, utakuja uombe, nitakufungulia."

Watu wakacheka kidogo. Nilijua kumwomba yeye kunavyokuwa. Mwaka wa kwanza wa ujane niliomba ng'ombe wake wa kulimia, akanipa baada ya mvua kwisha. Kabichi haingojei mtu amalize kujivuna.

Nikasema, "Mimi ndiye niliyechimba."

Mwenyekiti akainua karatasi. "Hii kidole ni yako ama si yako? Umekubali shemeji yako asimame. Iko hapa. Kaa chini, mama, tuna mambo mingi."

Nikakaa chini. Nilimtazama jirani yangu. Naye alikuwa ameachwa, koki yake imepewa baba mkwe wake. Alikuwa anatazama miguu yake.

Tukirudi nyumbani nilimwambia nilichofikiri. Kesho ilikuwa siku ya soko, njia itakuwa tupu. Tukifukia vipande vyetu, fundi hatakuwa na pa kupitisha bomba.

"Wataniita mkorofi," akasema.

"Wanakuita nini sasa?"

"Sasa hawaniiti kitu."

"Basi."

Hakuja. Nilienda peke yangu. Kuchimba kulinichukua zaidi ya mwezi, kufukia kulinichukua asubuhi moja na nusu ya mchana. Nilirudisha mawe kwanza, yale makubwa, nikiyasukuma kwa mtaimbo, kisha udongo, kisha nikaukanyaga kwa miguu. Sikuona uchungu wowote. Niliona raha.

Siku iliyofuata lori likaja. Fundi, kijana mnene wa kofia ya sufu, akaanza kuunga mabomba kutoka kwenye tangi. Akapita kipande cha jirani yangu, na watu wakafukia nyuma yake wakiimba. Kisha akafika kwangu. Nilikuwa nimeketi katikati ya kile kilichokuwa mtaro, juu ya gunia, nasuka kiondo.

"Nani amefukia hapa?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Kipande ni changu. Nilikichimba, nimekifukia."

Fundi akacheka hadi akashika tumbo. Akaketi juu ya rundo la mabomba, akatoa mkate mfukoni. "Mimi kazi yangu ni kuunga. Kuchimba siko. Na kesho jioni lori inarudi Skuta, na mimi niko ndani."

Watu wakakusanyika. Shemeji akaja mbio. "Ati unaaibisha ndugu yangu hata akiwa kaburini?"

"Ndugu yako yuko kaburini. Wewe uko hapa, na aibu uko nayo."

Mwenyekiti akaja polepole na kabuti lake, na ile karatasi. "Mama, si ulitia kidole?"

"Nilitia. Karani anajua kusoma, mimi sijui, akaona hapo ndipo pa kunishinda. Sasa iambie hiyo karatasi ichimbe."

Wanawake wa mashamba ya chini wakaanza kunitukana. Mmoja aliniita mchawi. Mwingine, tuliyekuwa naye katika kikundi cha kanisa, akasema nimewaonea watoto wa watu kwa sababu ya kiburi. Nikamwambia watoto wangu pia ni wa watu. Mwanamume mmoja akachukua jembe akasema atachimba mwenyewe. Nikanyoosha mguu palepale alipotaka kupiga.

"Chimba. Anza na huu."

Akaweka jembe chini. Sijui ningefanya nini kama angepiga. Nadhani nisingeutoa.

Tulikaa hivyo mpaka fundi akamaliza mkate na kulala, kofia usoni. Jua likapita upande wa pili wa tangi. Ndipo yule aliyeniita mchawi, ambaye shamba lake ni la mwisho kabisa kule chini, akamgeukia shemeji yangu.

"Wewe nawe, koki mbili za nini? Una midomo miwili? Mpatie yake twende nyumbani!"

Wengine wakadakia. Kwa dakika chache tu matusi yote yaliyokuwa yangu yakawa yake. Watu husimulia hapa kwamba kijiji kilisimama na mjane. Hakikusimama nami hata kidogo. Waliogopa lori litarudi Skuta na maji yao ndani ya mabomba ambayo hayajaungwa. Mimi nilikuwa jiwe njiani, na shemeji alikuwa rahisi kusukuma kuliko mimi.

Mwenyekiti akamwita karani na daftari. Karani akaandika, akasema, "Haya, mama, umeandikwa. Ondoka."

Nikasema fundi aamshwe anisomee. Karani akakasirika, lakini daftari likapelekwa. Fundi akapangusa macho, akasoma. "Imeandikwa mke wa marehemu fulani."

"Marehemu hakuchimba," nikasema. "Aandike jina langu, lile nililopewa na baba yangu."

"Mama, hii inatosha!" mwenyekiti akafoka.

"Basi na mimi hapa nilipoketi panatosha."

Karani akaandika. Fundi akasoma tena, herufi baada ya herufi, na nilisikia jina langu likitoka kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Nikainuka, nikakunja gunia langu.

Shemeji akanitupia sururu. "Haya, fukua."

"Mimi nilishachimba. Mlitaka kipande kichimbwe, kikachimbwa, mkakikana. Hiki sasa ni chenu."

Walichimba wao, watu wa kamati, shemeji mbele, mwenyekiti mwenyewe akavua kabuti, na jioni ile na asubuhi iliyofuata nilisimama ukingoni nikiwaonyesha mawe yalipo. Walipotaka kuacha kabla ya kufika kina nikaingia ndani ya mtaro na kusimama wima. Ukingo haukufika kiunoni kwangu. Wakaendelea. Fundi akaunga bomba, akaweka tawi la shamba langu, akapanda lori lake.

Maji yalipofunguliwa nilinywesha kabichi siku yangu ya zamu, koki yangu, kwa mkono wangu. Shemeji hakunisemesha tena hadi alipozikwa, wala mimi sikumtafuta. Baadaye niliingia ngumbaru, lile darasa la watu wazima, nikajifunza kusoma, na kitabu cha kwanza nilichodai kuonyeshwa kilikuwa lile daftari.

Msimu huo huo jirani yangu alikuja kwenye ua wangu. Baba mkwe wake alimfungulia maji pale alipojisikia, na miche yake ilikuwa imelala. Aliomba nimpe nusu ya zamu yangu.

Nilimpa maji ya kunywa, mapipa mawili, na nilimwambia awe anakuja kila zamu kuchukua hayo. Ya shamba nilimkatalia.

"Nawe ni mjane kama mimi," akasema.

"Bomba limepita kwenye kipande chako," nikamwambia. "Siku ile nilipokuita tukafukie lilikuwa halijapita."

Akabeba pipa la kwanza, akaenda. Kabichi zake zilikauka mwaka ule na zangu zikafunga. Amekuwa akinisalimia kanisani miaka hii yote, na mimi namwitikia. Watoto wangu wanasema ningempa. Labda. Lakini walikula zile kabichi.