Kopo la Radoni

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi ya afya hapa Lodwar, mama mmoja alirudisha kopo la kupima radoni, gesi isiyonuka inayotoka mwambani na kuharibu mapafu.

“Ulifunga milango na madirisha wakati wa kupima, mama?” akauliza afisa.

“Kwa joto hili? Mzee wangu anakohoa humo ndani, nimfungie aive?”

“Basi kipimo kimeharibika, hewa ya nje imeingia. Na makopo yameisha.”

“Sasa nimlaze wapi?”

“Nje, kama watu wote.”

“Nje vumbi linamziba. Ndiyo maana nikamwingiza.”

Mama akalifuta kopo kwa leso, akaliacha pale, akaondoka.

Nasema wazi: aliyeagiza nyumba ifungwe hajawahi kulala Lodwar. Na mzee bado yuko ndani, anakohoa, na hakuna anayejua anavuta nini.