Mtoto Mtulivu

Muuguzi wa wodi yetu ya watoto wachanga hapa Likoni husugua viganja vipate joto, ndipo amguse mtoto. Hutazama ulimi kwanza, mashine baadaye. Asubuhi bibi mmoja alimletea mjukuu ndani ya leso, akamsifu: "Mtulivu, mashallah, hata halii." Muuguzi akamfunua mtoto kinywa. Ulimi ulikuwa kama wa mtu aliyekula zambarau. Akamtia mpira wa oksijeni puani, akamsugua nyayo, akinong'ona, "Njoo, baba, njoo." Sisi kina mama vitandani tukabana pumzi.

Mara mtoto akaangua kilio. Bibi akanyoosha mkono ambembeleze: "Nyamaza, mwanangu."

Muuguzi akaudaka mkono ule.

"Muache alie, bibi. Bado nasikiliza."