Kuhe Wangu wa Karema

Jamani, nyie nichekeni tu, nastahili. Mzee mmoja wa hapa Mpanda, mwenye boti kule Karema, alinipa kazi ya kumtengenezea video ya safari za uvuvi ziwani ili avutie wageni. Kupanda boti tu, mawimbi yakanivuruga tumbo. Nilitapika kutwa nzima, na kamera haikunasa samaki hata mmoja.

Nikarudi kwangu Makanyagio, hapa hapa Mpanda, na akili zangu nyingi. Nikanunua samaki sokoni, kuhe mkubwa, mama muuzaji akanitengenezea vizuri kama kawaida. Nyumbani nikamtumbukiza kwenye beseni la bluu, mkono mmoja namrusha, mwingine narekodi. Kwenye kuediti nikamuunganisha na mawimbi, nikaweka na muziki. Pale anapochomoka majini nikapunguza mwendo, watu wamfaidi.

Siku ya kuonyesha, familia nzima ya mzee ilijaa sebuleni mbele ya tivii. Kuhe akaibuka polepole, mimi kifua mbele.

“Hebu simamisha hapo,” akasema mke wa mzee, akisogelea kioo. “Baba Neema, huyu samaki magamba hana, tumbo limepasuliwa, ubavuni kachanjwa mistari ya chumvi. Yaani katoka ziwani kabakiza limau tu!”