Sahani ya Kipepeo

Kwetu Kibamba kipepeo akiingia ndani hafukuzwi. Mama huacha alichoshika, akamuuliza, "Haya, unatuletea mgeni gani?" Kisha anaongeza kibaba cha mchele na kutoa sahani moja zaidi. Tulipohamia huku vichaka vilifika mlangoni, na vipepeo walikuwa wakiingia karibu kila siku. Mgeni asipotokea, tulikuwaga tunakula sie. Labda nakumbuka kwa tumbo tu, maana nilikuwa mdogo.

Siku hizi sahani ile inakaa kabatini. Vichaka vimekuwa nyumba. Siwalaumu majirani, hata sie tulifyeka. Ila kosa moja ni langu peke yangu. Mwaka jana niliona mdimu wetu umejaa wadudu wanaofanana na kinyesi cha ndege, wanatafuna majani. Nikapiga dawa, nikajisifu. Mama akaja kuwatazama pale chini.

"Hawa ndio wale vipepeo weusi wenye madoa ya njano. Umeniulia wageni wangu."

Nadhani shuleni tulifundishwa. Sijui siku hiyo nilikuwa wapi.

Iliniuma kwa sababu Mama alikuwa anamsubiri mdogo wake wa Mbagala, ambaye hajakanyaga kwetu tangu Idi ya mwaka juzi. Ukimwambia ampigie simu, anajibu, "Ndugu haitwi kama fundi bomba. Akija, dalili itaonekana." Na dalili nilikuwa nimeipulizia dawa mie.

Mwaka huu wadudu waliporudi nikawaacha. Wakanona. Ukiwagusa wanatoa vipembe vyekundu vyenye harufu kali. Mdimu ukabaki vijiti.

Jumapili iliyopita, saa tano, kipepeo akaingia dirishani, akatua kwenye pazia. Mama akapiga kigelegele, akaiosha ile sahani. Saa saba, mama mdogo huyo mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Dada! Umepika kama una shughuli! Nani kakwambia nakuja?"

"Yule pale, kwenye pazia."

Wakacheka mpaka wakashikana. Tukakaa kula. Nikaona bora niseme: saa tatu asubuhi nilimpigia simu mama mdogo, nikamwomba aje na asinitaje.

Mama hata hakuacha kula. "Simu unayo miaka yote. Leo nani kakutuma upige?"

Nikafikiri. Kwa haki, asubuhi ile nilipita kwenye mdimu, nikakuta ganda la kipepeo limepasuka, tupu, mwenyewe kashatoka. Ndipo nikapiga. Nikawaeleza hivyo hivyo.

"Umeona?" Mama akasema.

Sina hakika niliona nini, lakini nilikula sahani mbili.

Mama mdogo akaionja kachumbari, akakunja uso. "Nyie, mna mdimu uani, kachumbari haina ndimu?"

"Chagua," Mama akamjibu. "Ndimu, au wewe."