Ruhusa ya Mwisho ya Kaka Elinami

Harufu ya makande yanayochemka juu ya kuni ingali inanirudisha Suji, jikoni kwa mama, msimu ule ukungu ulipokuwa ukishuka mlimani na kukaa migombani mpaka karibu na adhuhuri. Nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Vita vya Uganda vilikuwa vikiendelea, na kaka yangu Elinami, askari kijana, alikuwa amerudi kwa ruhusa fupi baada ya kujeruhiwa bega. Kabla ya jeshi alikuwa mcheshi. Akimwiga mwalimu wa kwaya, mama alicheka mpaka akashika mbavu. Safari hii alikaa kimya karibu na moto, na upepo ukibamiza mlango alishtuka, akamwaga uji.

Kijiji kizima kilikuja kumwona. Walimwita simba, na baba, mzee wa kanisa aliyelijali sana jina lake, akapokea sifa hizo kana kwamba risasi ilimpata yeye. Ruhusa ilipokaribia kwisha, tukiwa uani tunapukuchua mahindi, Elinami alisema kwa sauti ya chini, "Baba, bega halijapona. Nami naogopa. Naomba twende kwa daktari pale Same anitazame kabla sijarudi."

"Mkono unaoinua kikombe utainua bunduki," baba alijibu. "Unataka nyumba hii ichekwe?"

Mama aliliweka gunzi chini. "Na ichekwe, Baba Elinami. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Baba aliendelea kupukuchua. Asubuhi yake alimsindikiza mwanawe mwenyewe mpaka Same, akasimama pale stendi hadi basi lilipoondoka.

Habari ya kifo ilitufikia wakati wa kupanda. Ibada ilifanyika bila jeneza. Baba alisimama mbele ya waumini akasema amemtoa mwana kwa ajili ya taifa, na watu wakampa mkono. Mama hakuinuka kitini. Tangu siku hiyo alimpikia na kumfulia kama kawaida, lakini hakumwita tena Baba Elinami. Alimwita Mzee, kama mtu anayemsemesha mpita njia, mpaka siku alipomzika.

Mama naye alipofariki, nilianza kumtafuta mtu aliyekuwa pamoja na kaka yangu kule vitani. Nilielekezwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa mzee mmoja muuza samaki. Nilimwamkia, nikamtajia jina la kaka. Alinawa mikono polepole kabla ya kunijibu.

"Tulishambuliwa tukivuka korongo, mwanangu. Tulipanda ukingo kwa kushika mizizi. Yeye alijivuta kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikataa."

Nilimshukuru, nikaondoka. Sikuwa na mtu wa kumpelekea habari hiyo. Waliostahili kuisikia wote wamelala kaburini.

Siku hizi bodaboda hupanda hadi Suji, na kijana akiumwa anafikishwa Same kabla jua halijawa kali. Hata hivyo wenzangu wa rika langu husikitika kwamba adabu imekufa, kwamba zamani tuliwatii wazazi. Ni kweli, tuliwatii. Elinami alimtii baba mpaka ukingo wa korongo. Wanangu hunibishia mezani mbele ya wageni, na majirani husema nimewalea ovyo. Labda. Lakini wote wako hai, na kila mmoja anajua kuniambia hapana.