Uji wa Mama Mtwa

Juzi nilipeleka dada yangu na baiskeli kwenye kliniki ya bamama wenye mimba, huku Juru. Muganga akapima mkono wa mama moja Mtwa, wa kabila ile ya mbilikimo yenye watu banazarau, na ule utepe wa rangi. Ukaonyesha nyekundu, maana yake njaa imemumaliza, na mutoto wa tumbo naye iko mu hatari.

"Mumupe uji sasa hivi!"

Bamama balikuwa banapokezana kikombe moja. Kufika kwake, kikamuruka.

"Wewe Mtwa, kopo yako iko wapi?" mama mwenye kugawa uji akamuuliza.

Akatoa kopo ya mafuta. Bakamumiminia kutoka juu sana, kijiko isiguse kopo.

Muganga akamusimamia. "Kunywa hapa nione, mama."

Mama akafunika kopo na kitenge yake. "Bwana yangu hajakula. Nitaanza aje mbele yake?"

Bamama bote bakapiga makofi, dada yangu naye. "Huyu ni mwanamke wa kweli!"

Kwa kikombe alikuwa Mtwa. Kwa kulala njaa, ndiyo akakuwa mwenzao.